Uzi Mmoja wa Kinubi

Katika kurasa za mwisho za The Book of Three, kitabu kilichotoka Marekani mwaka 1964, mwana mfalme Gwydion anagawa zawadi. Hatari imepita, majeraha yanapona, na kila aliyesafiri na kijana Taran anapewa chake. Fflewddur Fflam, mfalme wa nchi ndogo aliyekiacha kiti akazunguka dunia na kinubi, anapewa uzi mmoja. Kinubi hicho kina tabia yake: mwenyewe akitia chumvi katika maneno, uzi unakatika. Naye hana jambo analoweza kulisimulia bila kutia chumvi, hivyo kutwa yuko katika kufunga nyuzi mpya. Uzi huu wa zawadi, anaambiwa, hautakatika hata aongeze nini. Binti mfalme Eilonwy anapewa pete. Msomaji anacheka kwa ajili ya ule uzi, pete anaitupia jicho tu, kisha anafunga kitabu.

Mwandishi Lloyd Alexander aliviacha vitu hivyo viwili vikae. Vikapita The Black Cauldron mwaka 1965, The Castle of Llyr mwaka 1966 na Taran Wanderer mwaka 1967. Mwaka 1968, katika The High King, kitabu cha tano na cha mwisho, ndipo alipovirudia.

Nimekisoma kitabu hicho mara nyingi, na kila mara ninachokistaajabia ni namna anavyolipa. Ahadi ni deni, na kitabu cha mwisho cha hadithi ndefu ni siku ya kulipa madeni yote mbele za watu. Waandishi wengi wakifika siku hiyo hukopa upya: huleta silaha ambayo hatukuwahi kuisikia, au ndugu aliyekuwa amefichwa, au uchawi unaofika jioni kabisa kuja kuokoa jahazi. Alexander alikuwa ameweka akiba tangu kitabu cha kwanza, na ilimtosha.

Alizaliwa Philadelphia mwaka 1924. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilimpeleka Wales kwa mafunzo, na milima na ngome za huko hazikumtoka kichwani. Baadaye akazama katika Mabinogion, mkusanyo wa hadithi za kale za Wales, na humo akachota majina: Gwydion, Math, Pryderi, na Arawn bwana wa nchi ya wafu. Nchi ya hadithi yake akaiita Prydain, jina la kale la Kiwelisi la kisiwa cha Britania.

Shujaa wake hana ukoo. Taran analelewa na mzee Dallben, mwenye elimu ya siri, na Coll, mkulima mwenye upara aliyewahi kuwa shujaa wa vita. Cheo chake ni Msaidizi wa Mchunga Nguruwe. Nilipokuwa nikiwasimulia watoto wa nyumbani, nikigeuza sentensi kwa sentensi kwa Kiswahili, nilihofu cheo hicho kitawakwaza, maana kwetu mnyama huyo haingii uani. Wao walikielewa kuliko nilivyodhani. Walitambua papo hapo kuwa huyu ni mtu wa chini kabisa, nao wakampenda kwa sababu hiyo. Nguruwe mwenyewe, Hen Wen, anatabiri. Alexander hakumbuni kutoka hewani: katika Utatu wa Kiwelisi, yale makundi ya habari za kale zilizopangwa tatu tatu, Coll anatajwa miongoni mwa wachunga nguruwe watatu wenye nguvu wa kisiwa, na nguruwe aliyemchunga anaitwa Henwen.

Kuna upanga pia. Unaitwa Dyrnwyn, ala yake imechorwa maandishi, na neno moja limekwanguliwa. Katika kitabu cha kwanza Taran anajaribu kuuchomoa akiwa taabani, na moto mweupe unamrusha chini na kumuunguza mkono. Hapo hakuna anayeshangaa, kwa kuwa maandishi yalivyosomwa yanasema upanga ni wa mtu wa damu ya kifalme, na Taran ni mchunga nguruwe. Basi msomaji mzoefu wa hadithi hizi anajipa jibu mapema: siku moja itafichuka kuwa kijana huyu ni mtoto wa mfalme aliyepotea. Taran mwenyewe anatumaini hivyo hivyo. Kitabu cha nne chote anatembea nchi nzima kutafuta wazazi wake, akiomba moyoni wawe watu wakubwa.

The High King inamjibu, na jibu hilo ndilo linalonifanya niandike makala haya. Dallben anamweleza mwishoni kuwa alimwokota akiwa mtoto mchanga kwenye uwanja wa vita, na kwamba wazazi wake hawajulikani. Hakuna pete ya siri wala alama begani. Kabla ya kuambiwa hayo, Taran amekwisha kuuchomoa upanga. Amekutana na Dyrnwyn juu ya mlima, chini ya jiwe, na mmoja wa wafu waliofufuliwa katika chungu cha Arawn, askari ambao hakuna silaha iliyowahi kuwaua, anamjia. Hana nafasi ya kujiuliza kama anastahili. Anauvuta, unawaka, na haumdhuru. Baadaye, maandishi ya ala yanaposomwa kikamilifu, inajulikana kuwa yalikuwa yanamtaka mtu mwenye thamani ya utu. Habari ya damu ya kifalme ilikuwa kosa la usomaji.

Sasa tazama alichokifanya fundi huyu na urithi wake. Dyrnwyn imo katika orodha ya kale ya Hazina Kumi na Tatu za Kisiwa cha Britania, ikiwa mali ya Rhydderch Mkarimu, na orodha hiyo inasema upanga huwaka ukichomolewa na mtu wa ukoo bora. Ukoo, kama yalivyosema maandishi yaliyokwanguliwa. Alexander ameichukua imani ya zamani jinsi ilivyo, akaiweka katika kitabu cha kwanza ili sote tuiamini, kisha katika cha tano akaisahihisha mbele ya macho yetu. Kukwangua neno moja tu kumemtosha.

Kitabu cha nne nacho kina habari yake. Mhariri wake, Ann Durell, aliona kuna pengo kabla ya kitabu cha kufungia, na pengo hilo likazibwa na Taran Wanderer. Mtoto akikisoma anaweza kuchoka, kwani vita ni vichache na muda mwingi Taran yuko kazini. Anajifunza uhunzi kwa Hevydd. Anajifunza kufuma kwa bibi mmoja aitwaye Dwyvach, na huko inambidi afumue kazi aliyokwisha kuianza kwa sababu alichagua nakshi kabla ya kuifikiria. Anajifunza ufinyanzi kwa Annlaw na kugundua, kwa uchungu, kuwa anaupenda udongo lakini udongo haukumpa kipaji. Ukifika kitabu cha tano ndipo unaona faida ya uvumilivu wako. Taran anatumwa kukusanya jeshi katika vijiji vile vile, na watu wanamfuata kwa kuwa wamekula naye na kufanya naye kazi. Na Annlaw anapouawa na wavamizi, msomaji anamlilia mtu aliyekaa naye kwenye gurudumu la udongo siku nyingi. Bila kitabu cha nne, kifo hicho kingekuwa jina tu linalopita.

Vifo ni vingi. Rhun, kijana mfalme wa kisiwa cha Mona, ambaye katika kitabu cha tatu kila akigusacho kinaanguka, sasa ameanza kujenga ukuta wa bandari kwao na anauzungumzia kwa furaha ya mtu aliyepata kazi yake hatimaye. Anakufa akiwaokoa wenzake, na ukuta unabaki nusu. Coll anakufa vitani, yeye aliyekwisha kuuacha upanga miaka mingi akachagua jembe, na Taran anamchimbia kaburi kwa mikono yake. Ukurasa wa kwanza kabisa wa mfululizo mzima unamwonyesha Taran akitaka kufua upanga na Coll akimtaka afue vyuma vya kwato za farasi. Kaburini pale, kijana ana upanga kiunoni na hana tena wa kumfundisha.

Sasa ule uzi. Taran na wenzake wamekwama kwenye dhoruba ya theluji, baridi inakaribia kuwaua, na hakuna cha kuwashia moto. Fflewddur anakitazama kinubi chake. Tumekuwa naye vitabu vitano, tunajua kuwa hicho ndicho alichokichagua badala ya ufalme. Anakivunja. Mbao zinashika moto, na moto wa vipande vile vidogo unawaka usiku kucha, ukitoa humo nyimbo zote ambazo kinubi kiliwahi kupigwa. Asubuhi kuna majivu. Ndani ya majivu kuna uzi mmoja, umepindwa na moto lakini haukukatika.

Nilipofika hapo watoto walikuwa kimya. Mmoja, ambaye nilidhani amelala, akasema polepole: "Ni ule aliopewa." Miaka minne ya mwandishi na miezi kadhaa ya usomaji wetu wa usiku ilikutana katika maneno hayo matatu. Alexander haweki hotuba pale. Uzi tulioucheka ndio uliobaki peke yake, na yeye anaendelea na safari. Kiasi hicho cha kujizuia ni vigumu kukifikia; mkono wa mwandishi huwasha kuongeza sentensi moja ya kueleza.

Pete nayo inalipwa. Mwishoni, wote wenye uchawi wanapaswa kupanda merikebu kwenda Nchi ya Kiangazi, kusiko na taabu wala kifo. Eilonwy ni wa ukoo wa wachawi, lazima aende. Pete aliyopewa mwisho wa kitabu cha kwanza ina uwezo wa kutimiza haja moja ya moyo wake, naye anaitumia kuomba uchawi umtoke ili abaki. Hapa nina kinyongo kidogo. Eilonwy ndiye mwenye ulimi mkali na akili nyepesi kuliko wote, na inaniuma kuwa bei ya kubaki ni kuacha kitu kilichokuwa chake tangu kuzaliwa. Nina lingine. Arawn, adui anayetisha vitabu vitano, anauawa haraka mno akiwa katika umbo la nyoka. Wafuasi wake tumewafahamu kuliko tulivyomfahamu yeye. Alexander alijua kuandika udhaifu wa binadamu, na uovu uliokamilika haukumpa cha kushika.

Lakini hakuna doa linalofika kwenye sura za mwisho. Taran anakaribishwa kwenye merikebu. Ni haki yake, amevumilia yote. Usiku ule wanamjia vikongwe watatu wa mabwawa ya Morva, ambao tangu kitabu cha pili tunawajua kuwa hawachoki kufuma. Wanamletea kitambaa. Akikitazama anajiona humo yeye na maisha yake yote, lakini kitambaa hakijaisha. Sehemu iliyobaki ni yake kuifuma. Ni kijana aliyewahi kufumua kazi mbele ya Dwyvach, anajua maana ya kuchagua nakshi. Asubuhi anawaambia wenzake kuwa haendi nao. Na sababu anazotoa hazina ukubwa wowote: kuna ukuta wa Mona uliobaki nusu, kuna bustani ya Coll inayotaka mkono, kuna ngome iliyobomolewa na vijiji vilivyoporwa. Madeni ya marehemu, anayataja moja moja.

Kwa kuchagua hivyo ndipo anapotimiza, bila kujua, utabiri uliokuwa ukisubiri katika kitabu cha Dallben, na ndipo anapoitwa Mfalme Mkuu. Taji linamfuata mtu aliyekwisha kukubali kazi ya bustani.

Mwaka 1969 The High King ilipata Nishani ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto nchini Marekani. Alexander aliendelea kuandika hadi uzeeni, akafariki mwaka 2007. Filamu ya Disney ya mwaka 1985 ilichukua vipande vya vitabu viwili vya mwanzo, kwa hiyo aliyeiona filamu peke yake hajakutana na lolote nililolisimulia juu ya mwisho.

Ukiikuta The High King peke yake kwenye meza ya vitabu vya mitumba, inunue, lakini usiifungue. Iweke rafuni hadi uipate The Book of Three, na ukifika pale Gwydion anapogawa zawadi, soma taratibu.