Kiti cha Nyuma Kinasikia Nini

Uhakiki wa muziki tunaousoma kwa Kiswahili una tabia moja: unauchukua wimbo kana kwamba unaelea hewani. Mhakiki anachambua mashairi, anasema ujumbe upo au haupo, anagusa mdundo kwa sentensi mbili, anamalizia na video. Hata vitabu vizito, kama kile cha Alex Perullo cha mwaka 2011 kuhusu uchumi wa muziki wa Dar es Salaam, vinatupeleka studio, redioni, jukwaani na kwa wasambazaji. Sawa. Lakini msikilizaji ninayemjua mimi hayupo studio. Yupo kwenye Probox kati ya Sumbawanga na Laela, mtu wa nne kwenye kiti cha watu watatu, na wimbo unamfikia kupitia tundu lililokatwa kwa mkono kwenye mlango wa nyuma, karibu na goti lake. Hapo ndipo wimbo unapotimia au unapoharibika, na sijaona mtu akiuandikia uhakiki mlango huo. Basi niuandikie mimi.

Tuanze na chombo chenyewe. Toyota walianza kuuza Probox mwaka 2002 kama gari la kazi, la kusambazia bidhaa na kubebea vifaa vya ofisi. Ndiyo maana nyingi zinazotufikia zikiwa zimeshatumika Japani zina spika mbele tu. Mlango wa nyuma ni bati, kioo na kava la plastiki, basi. Aliyelichora gari lile hakuwa na sababu ya kuyapigia muziki maboksi. Redio nayo inakuja na mipaka ya kwao: FM ya Japani kwa miaka mingi ilianzia megahezi 76 na kuishia 90, wakati vituo vyetu vinapanda mpaka karibu na 108. Ukiwasha gari, dada mmoja wa Kijapani anakuarifu kwa adabu zote kwamba kadi ya kulipia barabara kuu haijachomekwa, halafu redio hiyo hiyo inakunyima vituo vingi vya nchi yako. Kipo kifaa kidogo cha kuyahamisha masafa, lakini wengi hawajisumbui. Redio inang'olewa, inawekwa ya bei nafuu yenye tundu la flashi, na dereva kuanzia siku hiyo ndiye mkurugenzi wa vipindi. Anajaziwa nyimbo mia kadhaa kwenye kibanda cha stendi, na nyimbo hizo tutazisikia miezi sita, kwa mpangilio uleule.

Kisha linakuja suala la nyuma. Gari ya abiria ambayo muziki wake unatokea mbele tu inaonekana haijakamilika, kama nyumba isiyopigwa plasta. Kwa hiyo inapelekwa kwa fundi.

Fundi ninayemfuatilia ana kibanda cha bati upande wa Majengo, na nimekaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa saa nyingi kuliko nilizokaa maktaba muhula huu. Kitu cha kwanza anachofanya si kukata. Anashusha kioo mpaka mwisho, anatia vidole ndani ya mlango, anapima nafasi iliyobaki kati ya kioo na bati. Sumaku ya spika ina kina chake. Ukikata bila kupima, utamaliza kazi vizuri kabisa, abiria atashusha kioo na kioo kitagonga sumaku. Nafasi ikiwa ndogo anachonga pete ya plaiwudi, anaifunga juu ya bati ili spika isogee kuelekea ndani ya gari. Waya anaupitisha kwenye mpira ule uliojikunja kati ya nguzo na mlango, si pembeni yake, kwa sababu mlango wa nyuma wa gari la abiria unafunguliwa kila kituo, na waya uliopitishwa pembeni utakatika kabla ya sikukuu ijayo. Halafu anachukua betri ya redio ya mkononi, anagusisha kwenye ncha mbili za spika na kuangalia kitambaa kinaruka kwenda wapi. Kikitoka nje, ameshajua upande wa chanya. Anarudia mlango wa pili. Ukikosea hapo, spika moja itakuwa inasukuma wakati mwenzake anavuta, na bezi itafutika katikati ya kiti, mahali hasa alipobanwa yule abiria wa nne.

Hili la kusukuma na kuvuta ndilo ningependa wahakiki walijue, kwa sababu ndani yake mna nusu ya kile tunachokiita ladha. Spika inasukuma hewa mbele na wakati huohuo inaivuta nyuma yake. Hewa ya nyuma ikipata njia ya kuzunguka ikutane na ya mbele, zinauana, na zinazokufa kwanza ni sauti nzito. Mlango wa gari umejaa matundu ya kiwandani. Fundi mvivu anaacha matundu yote wazi, anachana na ile nailoni iliyobandikwa ndani kwa sababu inamzuia mkono, anafunga kava, anawasha. Bezi haisikiki. Mwenye gari analalamika, fundi anapandisha bezi kwenye redio mpaka mwisho, kava la plastiki linaanza kutetemeka, na mtetemo huo ndio abiria wanaozoea kuuita muziki mkubwa. Nailoni ile haikuwekwa kwa urembo. Maji ya mvua yanashuka na kioo mpaka ndani ya mlango na kutokea chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasije upande wa abiria. Ufipa mvua zinaanza Novemba na kumalizika Aprili. Spika ya karatasi iliyofungwa Agosti na fundi wa aina hiyo, Januari inakohoa.

Fundi wangu anaziba matundu, anairudisha nailoni, anatoboa pale tu panapohitajika. Na anapojaribu kazi yake hawashi singeli. Anaweka kwaya.

Nilidhani ni ucha Mungu. Ni zaidi ya hapo. Ufipa ni nchi ya kwaya: Wamisionari wa Afrika walikabidhiwa kituo cha Karema, kule ziwani, mwaka 1885, na kuanzia huko mpaka huku juu uwanda wote umejifunza kuimba kwa sauti nne. Kwaya ya sauti nne ni mtihani mgumu kuliko singeli. Singeli inavumilia spika mbovu. Kasi na makelele yake ni sehemu ya raha, hata ikipasuka kidogo unacheza tu. Kwaya haikusamehi. Soprano utaisikia hata kwenye simu. Besi utaihisi hata kama huisikii. Lakini alto na tenor, wale wanaokaa katikati na kubeba wimbo bila kusifiwa, ndio wa kwanza kupotea, na sehemu hiyohiyo ya katikati ndiyo inayobeba usemi wa binadamu. "Ukisikia alto, kaka, umesikia na maneno," aliniambia akiwa na bisibisi mdomoni. Sijakutana na sentensi bora zaidi ya nadharia ya muziki tangu nianze shahada hii.

Maana tazama kinachotokea alto inapozama. Nimepanda gari moja ya kwenda Matai yenye milango iliyofungwa vibaya, dereva akapiga "Ndio Mzee" ya Professor Jay. Wimbo huo wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ni kejeli: mgombea anatoa ahadi zinazozidi kuwa za ajabu, na umati unamwitikia. Utamu wote uko kwenye ahadi, kwa sababu ndizo zinazoufanya mwitikio uchekeshe na kisha uumize. Kwenye gari lile, ahadi zilizama ndani ya mtetemo wa kava. Kilichofika kiti cha nyuma ni umati ukiitikia. Kijana pembeni yangu, ambaye kwa umri wake wimbo ulimkuta mtoto mchanga, alikuwa anaitikia pamoja nao kwa furaha, mara tano, mara sita. Anaitikia nini? Kejeli ilikuwa imegeuzwa kuwa utiifu na vipande viwili vya plastiki. (Kwamba msanii mwenyewe alikuja kuwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015 ni utani ambao historia iliuongeza bila kuombwa.) Mhakiki anayeniambia wimbo huu "una ujumbe" inabidi aniambie kwanza unaupata wapi, umekaa kiti gani.

Kuna kishawishi hapa cha mwanafunzi wa uzamili, na nikitaje ili nikipite. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeandika sana kuhusu Wafipa, ana makala ya mwaka 1967 inayosoma fikra za Kifipa kwa jozi ya kichwa na kiuno: kichwa ni juu, akili na mamlaka, kiuno ni chini, uzazi na nguvu. Ungeweza kuandika sura nzima ya tasnifu ukisema kiti cha mbele ni kichwa na cha nyuma ni kiuno, na bezi inaishi inapostahili. Ingesomeka vizuri. Ila inamgeuza abiria kuwa alama, wakati amelipa nauli na ana masikio. Willis ninayemhitaji ni yule wa kitabu cha mwaka 1978 kuhusu sanaa ya maneno ya Wafipa, aliyekaa akasikiliza hadithi zikisimuliwa, na akaona kwamba namna zinavyosemwa haitenganiki na kinachosemwa.

Nami utafiti wangu ni simulizi za Kifipa, na msimulizi wangu mkuu ni bibi yangu wa Matai, ambaye kila mwezi anakuja mjini kliniki. Nyumbani hasimulii, nyumbani kuna kuku, majirani na kazi. Husimulia safarini, mikono imelala mapajani, macho dirishani, kila kilima kikimkumbusha mtu. Enzi za vumbi, gari lilikuwa linapiga kelele zenyewe, na hadithi ilisubiri kituo. Lami ilipofika ikaleta ukimya ndani ya gari. Ukimya huo ulikuwa mali, na wenye kuiona haraka hawakuwa watafiti, walikuwa wenye magari: kwa nini uache nafasi tupu? Milango ikakatwa. Sasa bibi akianza, mtu aliyekufa miaka sitini iliyopita anashindana na kwaito, na bibi si mtu wa kushindana. Ananyamaza. Nina rekodi za safari nne za mwaka jana ambazo sauti yake inaingia na kutoka chini ya bezi kama mtu anayepita nyuma ya miti.

Ningeweza kuegemea kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, nikadai magari yazimwe. Sitaki. Dereva anayeamka saa kumi alfajiri kwenye baridi ya Julai ya Sumbawanga anahitaji kitu cha kumweka macho, na wimbo wa kizambia unaopigwa kwenye njia ya Kasanga una wenyewe humo humo garini: Wamambwe na Walungu wana ndugu pande zote mbili za mpaka, na nimemwona mama mmoja akifuta machozi kwa wimbo ambao mimi sikuelewa hata neno. Kenda Mutongi, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu matatu za Nairobi, anayachukua magari hayo kama biashara na utamaduni wa watu waliojijengea wenyewe, na msimamo huo ninauchukua. Mlango wa nyuma ni kazi ya sanaa ya watu wetu. Kwa sababu hiyo hiyo una haki ya kukosolewa.

Na kosa lake kubwa sidhani kama ni la fundi. Kwenye redio za flashi kuna mahali pa kugawa sauti kati ya mbele na nyuma, F na R. Nimechungulia kwenye magari zaidi ya kumi, na mara nyingi nimekuta mshale umesukumwa R, wakati mwingine mpaka mwisho. Sababu ni rahisi. Kiti cha mbele anakaa mtumishi, mfanyabiashara, mtu wa kumjua dereva. Huko mbele watu wanazungumza, wanapokea simu, wanapanga bei ya mahindi. Nyuma kunapelekwa muziki. Yaani spika ambazo tuliambiwa zimefungwa kwa ajili yetu abiria zimekuwa njia ya kuwapatia wengine ukimya. Wenye mazungumzo wako mbele, na sisi wa nyuma, pamoja na bibi na hadithi zake zote, tumepewa burudani.

Mwezi uliopita, tukitoka Matai, bibi alimgusa dereva begani. "Mwanangu, huo muziki ni mzuri. Nao wausikie hao wa mbele."

Dereva akacheka, akasema "sawa, bibi," akausukuma mshale wote F. Bwana wa kiti cha mbele alikuwa katikati ya simu. Akaanza kupiga kelele, kwanza "halo, halo," kisha bei ya gunia, kisha bei ya gunia tena, gari zima likaijua. Bibi akakunja khanga yake, akageukia dirisha, akaniuliza tulikuwa tumeishia wapi.