Mgeni Asiyepewa Jembe

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo ilinijia nikiwa nimeshika glasi ya Chenin Blanc ndani ya ghala la zamani nje ya Stellenbosch, nikitazama kazi za msanii aliyekuwa amekaa shambani hapo wiki sita. Ukutani kulikuwa na milima ya zambarau, udongo wa shamba uliochanganywa na gundi, na majani ya mzabibu yaliyobanwa kwenye karatasi. Vilipendeza. Nilimaliza kuvitazama kabla sijamaliza glasi.

Februari ndiyo mwezi wa Investec Cape Town Art Fair, maonyesho ya biashara ya sanaa yaliyoanza 2013. Wanunuzi wanatoka mbali, na mashamba ya mvinyo hayako mbali na mjini. Mpango unaeleweka: shamba linatoa chumba, studio na chakula; msanii anaacha kazi moja au mbili; wageni wa maonyesho wanaletwa kuonja vyote viwili.

Sina ugomvi na chakula cha bure. Kodi za Cape Town zinamtoa msanii kijana jasho, na wiki sita za kutowaza bili si jambo dogo. Shamba la Spier, kwa mfano, limekusanya sanaa ya kisasa ya Afrika Kusini kwa wingi ambao makumbusho kadhaa ya serikali barani yangeuonea wivu. Ugomvi wangu ni na kile msanii anachokiona akifungua dirisha.

Maana Februari ni mwezi wa mavuno pia. Watu wako mizabibuni tangu alfajiri, wengi wao vibarua wa msimu. Mwishoni mwa 2012 vibarua wa zabibu wa De Doorns waligoma, mgomo ukasambaa Western Cape, na Machi 2013 kima cha chini cha ujira kikapanda kutoka randi 69 kwa siku hadi 105. Walikuwa wamedai 150. Mwaka huohuo maonyesho yakafungua milango. Sisemi kimoja kilizaa kingine. Nasema msanii anayeletwa hapa kuchora "mahali" ameletwa mahali penye habari nyingi kuliko mlima.

Kuna habari ya dop, desturi ya kumlipa kibarua sehemu ya ujira kwa mvinyo hafifu, iliyoendelea miaka mingi hata baada ya sheria kuikataza na kuacha ulevi uliorithiwa hadi tumboni mwa mama. Kuna kengele za watumwa, ambazo katika baadhi ya mashamba bado zimesimama, zimepakwa chokaa, maharusi wanapigia picha. Na baadhi ya walioitwa na kengele hizo walitoka pwani yetu hii ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1794 meli São José, iliyobeba mateka kutoka Msumbiji, ilivunjika karibu na Cape Town. Takriban nusu walikufa maji. Walionusurika waliuzwa papo hapo Cape.

Sue Williamson, msanii wa Cape Town, alionyesha 2017 namna habari kama hizi zinavyobebeka. Katika *Messages from the Atlantic Passage* alichonga majina ya watumwa kwenye chupa za kioo, akazitundika ndani ya nyavu za kuvulia. Chupa, jamani! Kitu ambacho kila shamba hapa linacho kwa maelfu. Hakuhitaji kupaza sauti. Jina moja kwa chupa moja lilitosha.

Msanii wangu wa ghalani naye, nikiri, alifika karibu. Pembeni, njia ya kwenda msalani, alikuwa ameweka karatasi ndefu. Alichukua kreti ya plastiki ya kuvunia, akachora mzingo wake kwa penseli mara nyingi kama kreti alizojaza mchumaji mmoja kwa siku. Mstatili juu ya mstatili, hadi katikati karatasi ikachanika. Hakuna mlima. Nilisimama pale muda mrefu kuliko kwenye kazi nyingine zote kwa pamoja.

Nikauliza bei. Dada wa mapokezi alipitia orodha mara mbili; haikuwemo. Akatabasamu, akaniomba radhi, akanijazia glasi.