Vyumba Viwili Kwanza

Anayetaka kuanza biashara ya kupangisha nyumba Kismayu leo huulizia kwanza bei ya saruji. Hilo ni swali la tatu. Kabla yake kuna la mpangaji: ni nani, na kipato chake kinatoka wapi? Na kuna la kiwanja: ukizuka mzozo, nani atasimama mbele ya wazee au mahakama aseme kwamba ni chako? Saruji itapatikana tu.

Nianze na mpangaji. Kwenye visiwa vya Wabajuni, kuanzia Koyama na Chovai hadi Chula, biashara hii haina mashiko. Nyumba ni ya ukoo, na kijana akioa hutafutiwa nafasi kwa wazazi au hujenga ubavuni mwao. Kupangisha kunahitaji wageni. Kismayu inao kwa sababu ina bandari, iliyojengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Marekani, na kwa sababu watu wamerudi. Mkataba wa Kenya, Somalia na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa kuhusu kurejea kwa hiari ulitiwa saini tarehe 10 Novemba 2013, na kuanzia Desemba 2014 familia kutoka kambi za Dadaab, Kenya, zilianza kurejea, nyingi zikielekea Kismayu. Walioondoka utawala wa Siad Barre ulipoanguka 1991 walirudi na watoto waliozaliwa kambini, na wengi hawakuwa na nyumba ya kuingia.

Hata hivyo mji wa bandari huinuka na kushuka pamoja na bidhaa zake. Mkaa uliingiza fedha nyingi Kismayu, na Februari 2012 Baraza la Usalama likapiga marufuku usafirishaji wake. Mwenye vyumba vinne vilivyojaa wachukuzi wa bandari pekee ana mpangaji mmoja aliyegawanyika mara nne: kazi ikikatika gatini, kodi zote nne hukatika mwezi uleule. Afadhali chumba kimoja akae mwalimu, kingine mvuvi, kingine mama mwenye kibanda sokoni, hata kama kwa hilo chumba kitakaa tupu wiki mbili zaidi kabla ya kupata mtu.

Tukitafuta rekodi ndefu ya jinsi mtu wa kipato kidogo alivyoanza na chumba na kuishia na nyumba kadhaa, tutaipata Mombasa, mji ambao Wabajuni wengi waliukimbilia wakati wa vita vya Shifta miaka ya 1960 na tena baada ya 1991. Mtaa wa Majengo, Mombasa, ulikua kwa nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, baraza mbele, ua nyuma wenye jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Hakulazimika kumaliza nyumba ndipo ianze kumlipa. Richard Stren alieleza mpangilio huu katika kitabu chake cha 1978 kuhusu makazi ya Mombasa. Wanawake walikuwamo tangu mwanzo. Margaret Strobel, 1979, alionyesha walivyomiliki, kurithi na kuuza mali mjini humo, na Janet Bujra, aliyewahi kuishi na kutafiti katika kijiji cha Kibajuni, aliandika mwaka 1975 kuhusu wanawake wa Pumwani, Nairobi, waliojenga nyumba na kuishi kwa kodi.

Kilichowawezesha wajenzi wa Mombasa ni kutenganisha nyumba na ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliacha sehemu kubwa ya pwani ya Kenya mikononi mwa wamiliki wachache wenye hati. Mwenye hati aligawa vipande, na mjenzi akalipa kodi ya ardhi kila mwezi huku kuta na paa vikiwa vyake. Kwa anayeanza, hiyo ni nafuu kubwa, kwani gharama nzito kuliko zote huondoka mezani. Lakini ardhi hiyo ikiuzwa, mnunuzi mpya huitaka tupu, na mwenye nyumba hubaki na mabati na mbao za kubeba. Kwa hiyo wengi hawakuthubutu kujenga kwa mawe hata walipokuwa na uwezo. Kodi ya ardhi ilikuwa ndogo, hofu ndiyo iliyokuwa ghali, na ilionekana katika kila ukuta wa udongo ulioachwa wa udongo miaka arobaini.

Kismayu hofu hiyo ina sura nyingine. Utawala wa Siad Barre uliiweka ardhi chini ya dola, na sheria ya 1975 ilimpa mkulima haki ya kutumia tu. Baada ya 1991 mji ulipita mikono mingi: makundi ya vita, muungano wa Bonde la Juba 1999, Mahakama za Kiislamu 2006, jeshi la Ethiopia na serikali ya mpito mwanzoni mwa 2007, Al-Shabaab Agosti 2008, kisha majeshi ya Kenya na wanamgambo wa Ras Kamboni mwishoni mwa Septemba 2012. Karatasi iliyogongwa mhuri na mmoja haikuwa lazima iheshimiwe na aliyefuata. Wabajuni, wasio na kundi la silaha la kuwasemea, walipoteza nyumba zilizokuwa zao bila ubishi wowote mtaani. Kwa hiyo ninasema bila kusita: usinunue kiwanja Kismayu kabla ya kujua nani alikuwa akiishi pale mwaka 1990. Waulize wazee wa majirani wa pande zote nne, si wa upande wa muuzaji peke yake. Ukisikia jina la familia iliyokimbia, acha. Kodi inayotoka katika nyumba ya mkimbizi si biashara. Tena siku ile atakaporudi na mashahidi, utakuwa umemjengea yeye.

Kiwanja kikiwa safi, njoo kwenye hesabu. Nachukua namba za mfano, za kuhesabia tu. Kiwanja dola 3,000. Vyumba viwili vya kwanza pamoja na choo na ukuta wa ua, dola 3,500. Vyumba viwili vya baadaye, dola 2,500. Kodi dola 40 kwa chumba. Vyumba viwili huleta dola 960 kwa mwaka. Toa mwezi mmoja mtupu kwa kila chumba, zibaki 880. Toa asilimia 15 ya matengenezo, zibaki 748. Kwa mwendo huo vyumba viwili hujenga viwili vinavyofuata kwa miaka 3 na miezi 4 hivi, bila deni. Ukianza na vinne kwa mpigo, mapato halisi ni dola 1,496 kwa mwaka, na dola 9,000 ulizotoa hurudi baada ya miaka 6.

Wengi hutazama miaka 6 na kusema ni mizuri. Mimi ningeuliza: hati na mashahidi wako watashikilia miaka 6? Katika mji uliobadilisha watawala mara nyingi hivyo, muda wa fedha kurudi lazima uwe mfupi kuliko muda unaoweza kuuamini ushahidi wako. Kwa kuanza na viwili fedha hurudi polepole zaidi, lakini unakuwa umeweka hatarini dola 6,500 badala ya 9,000, na miaka mitatu ya kwanza inakuonyesha kama mtaa unakutambua.

Fedha za kuanzia mara nyingi hutoka kwenye upatu, ambao Wasomali huuita ayuuto, au kwa ndugu walio nje. Mkopo wa riba sina la kuusemea, kwani wanaojenga huku hawautaki.

Sasa ndiyo saruji. Nyumba za kale za visiwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, zikaezekwa juu ya boriti za mikoko. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Chumvi ndani yake haikuwa na chuma cha kula. Leo fundi anachota mchanga ufukweni, anauchanganya na saruji na kuufunika juu ya nondo. Chumvi inaila nondo, kutu inavimba, zege linapasuka kutoka ndani, na mwenye nyumba anapiga lipu juu ya ufa mwaka baada ya mwaka. Ile asilimia 15 haitatosha. Mchanga wa ufukweni uoshwe kwa maji matamu, au uachwe kabisa kwenye linta na nguzo hata kama mchanga wa bara ni ghali kwa usafiri. Kwa chumba cha chini chenye paa la mabati, punguza nondo kadiri fundi anavyoruhusu: kuta nene na linta fupi hudumu kuliko slabu yenye chumvi. Choo na kisima navyo vitenganishwe mapema, kwa sababu ardhi ya matumbawe hupitisha maji upesi, na mpangaji akiugua tumbo atahama kabla ya kukulalamikia.

Limebaki la jina kwenye karatasi. Nyumba nyingi za Kismayu hujengwa na watu watatu au wanne: mmoja yuko Uingereza anatuma fedha, mmoja yuko Mombasa, mmoja anasimamia mafundi, na mara nyingi yupo mama aliyeuza dhahabu yake ili kiwanja kipatikane. Mwenye kusimamia ndiye huandikwa, naye akifariki, mirathi huwapa warithi wake kila kitu kilicho kwa jina lake. Siku ya kuchimba msingi, andikeni mchango wa kila mmoja na chumba chake, dhahabu ya mama ikihesabiwa kwa bei ya siku ile, mashahidi wawili watie saini. Nakala moja ikae kwa mthibitishaji wa hati au kadhi, na nyingine kwa kila mchangiaji, wakiwamo walio ng'ambo, ili mji ukibadilisha mkono tena karatasi zote zisiwe ndani ya nyumba moja.