Nyumba Husomwa kwa Ndani

Usam Ghaidan, msanifu majengo aliyefundisha Nairobi, alipotoa kitabu chake juu ya Lamu mwaka 1975 hakuutetea mji huo kwa maombolezo, aliusoma. Aliifuata nyumba kutoka daka hadi kiwanda, na kutoka kiwanda hadi vyumba vya ndani, kama mhakiki afuatavyo vina na mizani. Aliyekwisha kuonyeshwa mpangilio ule haiiti tena nyumba hiyo gofu. Mwaka 2001 Lamu iliingia katika Urithi wa Dunia.

Bagamoyo hutetewa kwa njia nyingine. Wasifuo huanza na Boma la Wajerumani la 1897, wakaishia na njia ya watumwa na pembe, iliyowekwa mwaka 2006 katika orodha ya kungojea ya UNESCO. Ni kweli tupu, lakini hicho ni kichwa cha shairi. Beti zake ni nyumba za matumbawe na boriti za mikoko: chokaa ikibanduka, mvua huingia ukutani, na dari hufuata. Nyumba hizo nazo zataka kupimwa na kuchorwa, chumba kwa chumba, pamoja na wenyewe na waashi wao. Boma likisimama peke yake, patabaki kichwa cha shairi lisilo beti.