Ufundi wa Kubakiza

Kenya imezoea kuupima ukimbiaji kwa saa, na ina sababu. Tarehe 8 Oktoba 2023, Kelvin Kiptum alipomaliza marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, hakuna aliyehitaji kuelezwa ukubwa wa jambo lile: chini ya dakika 3 kwa kila kilomita, kilomita 42 mfululizo. Lakini yupo mkimbiaji mwingine ambaye kipimo hicho hakimwelezi hata kidogo. Ni mtu wa ridhaa, mwalimu au muuguzi au fundi wa pikipiki, anayejiandaa kwa ultramarathoni, yaani mbio yoyote inayopita urefu wa marathoni. Akimaliza kilomita 90 kwa saa 12 atakuwa ametumia dakika 8 kwa kila kilomita, mwendo ambao kijana wa kambi za mbio za Iten angeutumia kupasha mwili tu. Ukimpima kwa saa utamcheka. Mimi nasema kipimo ndicho kisichofaa. Bingwa wa marathoni ni fundi wa kutoa: anamaliza alichonacho, na sifa yake ni kwamba hakikubaki kitu. Mkimbiaji wa masafa ya kupindukia ni fundi wa kubakiza. Na nikitafuta mahali katika Kenya ambapo ufundi huo umefikiriwa kwa kina na kwa vizazi vingi, siutafuti kwenye kambi za riadha za Bonde la Ufa. Nautafuta Garbatulla.

Garbatulla iko zaidi ya kilomita 100 mashariki ya mji wa Isiolo, na barabara ya kufika huko kupitia Kula Mawe ingetosha yenyewe kuwa ultramarathoni. Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari; Garbatulla haifiki hata mita 1,000. Ni nchi ya joto, vumbi na miiba ya migunga, na hakuna anayeitaja kwa mabingwa wa mbio. Wanaotajwa huko ni Waborana na mifugo yao. Kundi la maziwa hubaki karibu na nyumba pamoja na wazee, akina mama na watoto. Wanyama wakavu na wenye nguvu hupelekwa fora, malisho ya mbali, wakiongozwa na vijana wanaotembea majuma na miezi. Juu ya mwendo huo wote kuna utaratibu wa dedha, unaosimamiwa na wazee. Malisho hugawanywa: ya msimu wa mvua, ya kiangazi, na ya ukame mkali. Mvua ikinyesha, makundi huhamia mbali kwenye madimbwi ya muda, na majani yaliyo karibu na visima vya kudumu hayaguswi. Kiangazi kikifika ndipo yanafunguliwa. Akiba ya ukame hufunguliwa mwisho kabisa. Anayeingiza ng'ombe kwenye malisho ya kiangazi wakati madimbwi bado yamejaa hutozwa faini, ingawa siku hiyo hakuna anayeona hasara yoyote. Hasara iko miezi mitatu mbele, na kazi ya wazee ni kuiona kabla haijafika.

Sasa tazama mwili wa mkimbiaji. Kukimbia humgharimu mtu takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita. Mtu wa kilo 60 anayekwenda kilomita 90 atahitaji kilokalori 5,400 hivi. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini ni kama kilokalori 2,000. Tumbo linaweza kufyonza gramu 60 hivi za wanga kwa saa. Kwa saa 12 hizo ni kilokalori 2,880, endapo tumbo litakubali kazi siku nzima, na kwa kawaida halikubali. Jumlisha: bado kuna pengo, na wa kuliziba ni mafuta ya mwilini, ambayo hata mtu mwembamba anayo ya kumtosha siku kadhaa. Lakini mafuta hutoa nguvu polepole, na mwenye kuyategemea lazima naye aende polepole. Akikimbilia mbele saa ya kwanza kwa sababu anajisikia vizuri, anaunguza sukari ambayo angeihitaji saa ya tisa. Huyo ameingiza ng'ombe kwenye akiba ya ukame wakati mvua bado inanyesha. Hakuna wa kumtoza faini siku hiyo, ila atatozwa kilomita ya 60, pale miguu itakapokataa. Utaratibu ni uleule: tumia kwanza kile kitakachopotea hata usipokitumia, kama ubaridi wa alfajiri na chakula kilichomo tumboni, na kile kisichorudi kirahisi ukiguse mwisho.

Mazoezi ya kila siku ni namna ya kuujenga uamuzi huo hadi uwe tabia. Garbatulla iko karibu na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na haichukui muda kabla halijaanza kuuma. Mwenye kazi ana dirisha dogo: baada ya sala ya alfajiri hadi saa moja na nusu, au baada ya alasiri kuelekea magharibi. Ndani ya dirisha hilo hakuna nafasi ya kujionyesha. Siku nyingi ni mwendo wa kuweza kuzungumza, kwenye changarawe au ndani ya laga, mto mkavu wa mchanga ambao hufundisha kifundo cha mguu kazi ambayo lami haiwezi kuifundisha. Mwisho wa juma anakwenda mbali Jumamosi na kwenda tena Jumapili miguu ikiwa haijapumzika, maana kinachotafutwa ni kuujua mwendo wa mwili uliochoka. Anajifunza kula akiwa njiani: tende, chapati, chai ya maziwa yenye sukari nyingi, na kwa safari ndefu nyirinyiri, ile nyama iliyokaangwa vipande vidogo na kuhifadhiwa ndani ya mafuta, ambayo watu wa kaskazini walikuwa wakisafiri nayo kabla hakujawa na duka la vifaa vya michezo. Ramadhani ikiingia, kilomita zinapungua, na mazoezi yanasogezwa hadi karibu na futari au baada ya tarawehe. Mtu aliyezoea kumaliza nguvu zake zote ataona mwezi huo ni kikwazo. Aliyeelewa ufundi huu ataona ni somo lingine la kugawa.

Kwenye maji ndipo ujuzi wa wafugaji unapofaa zaidi, na ndipo pia unapohitaji kusomwa kwa uangalifu. Ngamia aliyekaukiwa anaweza kupoteza zaidi ya robo ya uzito wake kwa upungufu wa maji na bado akatembea. Joto la mwili wake hupanda na kushuka kwa nyuzi kadhaa bila madhara. Binadamu akipoteza sehemu ndogo tu ya uzito wake, kichwa huanza kumchezea. Wafugaji wa Kiborana huwazoeza ng'ombe wao kunywa kila siku ya tatu wakati wa kiangazi, ili malisho yaliyo mbali na kisima yafikike. Mkimbiaji anayejaribu kujizoeza kiu namna hiyo anajidanganya, kwa kuwa mwili wa mtu haujifunzi kuishi bila maji. Unachojifunza ni joto. Katika siku 10 hadi 14 za mazoezi ya joto, damu huongezeka umajimaji, jasho huanza mapema na kupungua chumvi, na moyo hupiga taratibu zaidi kwa mwendo uleule. Wala kunywa kwa wingi si usalama. Katika mbio za Comrades za Afrika Kusini mwaka 1981, mkimbiaji mmoja alizidiwa kwa sababu ya kunywa maji mengi kupita kiasi, na daktari Tim Noakes alikuja kuieleza hali hiyo kwa wanasayansi: chumvi ya damu ilikuwa imezimuliwa. Kisima cha Waborana kina aba herega, mtu anayesimamia zamu, nani anywe kwanza na kiasi gani. Mkimbiaji lazima awe aba herega wa mwili wake mwenyewe, anayejua kwamba foleni isiyosimamiwa huleta madhara kwa wingi na kwa uchache pia.

Watapinga wanariadha, na pingamizi lao la kwanza ni zito: mchungaji anatembea, hakimbii, na kutembea si riadha. Kwa mbio fupi wako sahihi. Lakini Western States ya California, ultramarathoni inayoheshimiwa kuliko nyingi, ina kilomita 161 na humpa mshiriki saa 30. Gawanya utapata kilomita 5.4 kwa saa, mwendo wa mtu anayewahi sokoni. Mbio yenyewe ilitokana na mashindano ya farasi, hadi Gordy Ainsleigh alipoikimbia njia ile kwa miguu mwaka 1974. Marathon des Sables ya Morocco, iliyoanza mwaka 1986, ilizaliwa baada ya Mfaransa Patrick Bauer kutembea peke yake mamia ya kilomita jangwani mwaka 1984. Na Comrades, iliyokimbiwa kwa mara ya kwanza tarehe 24 Mei 1921 na watu 34, ilianzishwa na Vic Clapham kuwakumbuka askari wenzake wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akiwa na kumbukumbu ya mwendo mrefu wa miguu alioupitia katika vita vya Afrika Mashariki. Ultramarathoni maarufu kuliko zote barani, basi, ina mzizi wake katika kutembea, tena katika ardhi yetu. Katika vita hivyo walikuwapo pia wapagazi wa Kiafrika wa Carrier Corps, wenye mizigo vichwani, waliokufa kwa makumi ya maelfu. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimebaki na jina lao. Mbio haikubaki nalo.

Wapagazi hao wanaleta pingamizi la pili, ambalo kwangu ni gumu kuliko la kwanza. Je, si dhihaka kuusifu mwendo wa lazima kana kwamba ni mchezo? Kijana wa fora hakuchagua kutembea, mama anayefuata maji hakujiandikisha popote, na kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu 5 ya mvua ilishindwa mfululizo, mifugo ikafa, na hakuna aliyepewa medali kwa kustahimili. Nakubali kwamba sifa isiyo na tahadhari hugeuka kisingizio: ukiyatukuza mateso utasahau kuchimba kisima. Lakini mateso siyasifu. Nasifu maarifa yaliyotengenezwa ili kuyapunguza, na kuwanyima wafugaji sifa hiyo ni dhuluma nyingine, kwa kuwa huwaona kama watu wanaovumilia tu bila kufikiri. Historia inaonyesha kwamba maarifa hayo hayako kwenye damu. Wakati wa Vita vya Shifta, miaka ya 1960, serikali iliwakusanya watu kwenye kambi, Garbatulla ikiwa mojawapo. Makundi yakazuiwa kwenda fora, na mifugo mingi ikafa. Watu walikuwa walewale na nchi ileile. Kilichoondolewa ni uhuru wa kupanga mwendo, na bila huo uvumilivu wote haukufaa kitu. Mkimbiaji naye ayasikie hayo: kustahimili maumivu hakutamwokoa aliyekosa mpango.

Wapo pia wanaosema kwamba mtu wa ridhaa, asiye na kocha wala muda wala usingizi wa kutosha, hawezi kuitwa fundi. Afadhali aache. Nadhani wameigeuza hoja kichwa chini miguu juu. Mwanariadha wa kulipwa anaweza kulala mchana, kusugulwa misuli na kupikiwa. Akikosea hesabu leo atafidia kesho. Mtu wa ridhaa ana kundi dogo na kisima kimoja. Kilomita anazozikimbia alfajiri zinatoka kwenye mfuko uleule unaolipa zamu ya zahanati, daftari za wanafunzi za kusahihishwa, mtoto mgonjwa, na hatari za njiani pia, kwa kuwa karibu na hifadhi ya Bisanadi na Mbuga ya Meru mtu haamui tu kwenda peke yake gizani. Kujua siku ya kukatisha mazoezi ni sehemu ya ufundi kwake, na ndiyo sehemu ngumu, maana hakuna anayeshangilia mazoezi yaliyoachwa. Waswahili husema akiba haiozi. Msemo huo unahitaji nyongeza moja: akiba isiyo na mpango wa kufunguliwa nayo haifai. Dedha haifungi malisho milele. Huyafunga ili siku ifike ya kuyafungua. Ndivyo mtu huyu anavyojizuia miezi mingi ili siku ya mbio, saa ya tisa au ya kumi, awe na kitu cha kufungua wakati wenzake wamebaki na vumbi.

Kwa hiyo kama siku moja Kaunti ya Isiolo itataka kuandaa mbio ndefu kutoka mjini hadi Garbatulla, ushauri wa kwanza usitafutwe kwa wauzaji wa viatu. Waulizwe wazee wa dedha njia ipi inapitika msimu upi, kisima kipi kinahimili watu wangapi, na saa ngapi mwenye akili hukaa kivulini. Waulizwe vijana wa fora, ambao wengi hutembea kwa akala za mpira wa gari, mguu hulindwaje siku ya nne. Na washiriki wapimwe kwa swali ambalo mfugaji yeyote hulielewa: umefika, sawa, lakini umefika na nini? Anayeweza kujibu kwamba amefika akiwa na akili timamu, figo nzima na nguvu za kurudi kazini Jumatatu, huyo ndiye aliyeujua ufundi, hata kama alifika wa mwisho.