Nyuki Walivyomuuma Bingwa Chamazi, na Kwa Nini Hawakumuuma Nyumbani

Mwanzoni mwa msimu wa 2024/25 Yanga ilicheza mechi nane za Ligi Kuu, ikashinda zote nane, na wavu wake haukuguswa. Tarehe 2 Novemba 2024 Azam ikapata bao moja la Gibril Sillah, likatosha. Siku tano baadaye, Alhamisi, Tabora United ikaingia Uwanja wa Azam Complex, Chamazi, na kumfunga bingwa mtetezi 3-1. Offen Chikola alifunga mawili kabla ya mapumziko, Heritier Makambo akaongeza la tatu katika robo saa ya mwisho, na bao la kufutia machozi la Clement Mzize lilikuja dakika za nyongeza. Wiki moja ikapita, kocha Miguel Gamondi akaondoka Jangwani, makao ya Yanga.

Timu za mikoani zimewahi kuifunga Yanga. Ihefu iliifunga 2-1 Novemba 2022, ikakatisha rekodi ya mechi 49 bila kupoteza, na ikarudia matokeo hayo hayo Oktoba 2023. Lakini Ihefu ilifanya hivyo mara zote mbili kwake Mbarali. Nyuki wa Tabora, kama Tabora United inavyoitwa, waliifuata Yanga Dar es Salaam, na hapo ndipo penye kazi ya mchambuzi, kwa sababu kilichowezekana ugenini kilishindikana kabisa nyumbani, Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi.

Tuanze na mechi ya Azam, maana ushindi wa Tabora ulianzia huko. Ibrahim Hamad 'Bacca' alitolewa kwa kadi nyekundu mapema kipindi cha kwanza. Yanga ikakimbia zaidi ya saa nzima ikiwa na watu kumi, na Alhamisi ile Bacca alikuwa anatumikia adhabu. Wengi walisema ni pengo la beki mmoja tu. Sikubaliani nao. Yanga ya Gamondi ilikabia juu, mabeki wa pembeni wakipanda kama mawinga, na mabeki wa kati wakisimama karibu na mstari wa katikati. Mpango huo unategemea beki wa kati mwenye mbio, anayeweza kugeuka na kufuta makosa nyuma yake. Huyo alikuwa Bacca. Asipokuwepo, inabidi ushushe mstari wa ulinzi au ukubali kucheza na uwanja mtupu mgongoni. Yanga haikushusha.

Tabora nayo haikugombania mpira. Ilijikusanya nusu yake, ikabana njia za katikati, ikaiachia Yanga pasi za pembeni. Mitaani tunaita kupaki basi, lakini basi lililoegeshwa halina abiria wawili waliokwisha kushuka mlangoni. Makambo alibaki juu kuwashughulisha mabeki, na Chikola akicheza nyuma yake alikuwa mahali panapouma zaidi: kati ya kiungo aliyepanda na beki anayerudi huku akitazama goli lake. Kila mpira ulioporwa ulikuwa na mtu wa kuupokea. Ikumbukwe pia kwamba Makambo amewahi kuwa mfungaji wa Yanga yenyewe, na mashabiki wa Jangwani walimjua kwa ushangiliaji wake wa 'kuwajaza'. Safari hii waliojazwa ni wao.

Bao la pili ndilo lililoamua mechi. Timu inayopumzika ikiwa nyuma kwa moja hurudi na subira, lakini iliyo nyuma kwa mawili hurudi na papara. Kipindi cha pili Yanga ikaongeza watu mbele, maana yake ikaongeza uwanja nyuma. Makambo akautumia.

Kwa sisi wa Urambo mchezo huu si mgeni. Agosti 1871 Waarabu wa Tabora, wakiwa na msafiri Stanley katika msafara wao, walimwendea Mtemi Mirambo kwa kuwa aliwafungia njia ya Ujiji. Boma la Zimbizo walilichukua siku ile ile, maana lilipigwa uso kwa uso. Kisha watu wapatao mia tano chini ya Soud bin Sayd wakaenda Ulyankulu, ambayo leo iko Wilaya ya Kaliua, nako wakaingia. Mirambo hakuwazuia wasiingie. Aliwangoja njiani wakirudi na pembe za ndovu na mateka, wapiganaji wake, ruga-ruga, wakiwa wamelala kwenye nyasi ndefu kando ya njia. Soud aliuawa pamoja na Waarabu aliokuwa nao. Kabla mwezi haujaisha Mirambo alikuwa ndani ya Tabora yenyewe, anachoma nyumba. Simfanyi Mirambo kuwa kocha, vita si mpira. Ila hesabu ni ile ile: adui mwenye nguvu hudhoofu anapokuwa amesonga mbele na mikono imejaa.

Sasa tazama Mwinyi. Februari 2025 Simba ilikuja Tabora ikashinda 3-0. Leonel Ateba alifunga mawili na Shomari Kapombe, beki wa kulia, akafunga moja. Tarehe 2 Aprili Yanga, ikiwa chini ya Miloud Hamdi, ikaja ikaondoka na 3-0 vilevile. Vibanda umiza vya Urambo mjini vilijaa, na waliomaliza kukausha tumbaku mapema walipanda magari kwenda uwanjani. Umati wa nyumbani haukubali kuona timu yake ikikaa nyuma dakika tisini. Unapiga kelele, wachezaji wanapanda, na timu iliyojengwa kuvizia inajikuta ndiyo inayoviziwa. Isitoshe, Aprili Yanga ilikuwa imejifunza. Haikuwa na haraka, ilingoja Tabora ifunguke.

Kuna atakayenikumbusha kwamba Desemba 2024 Tabora iliifunga Azam 2-1 hapo hapo Mwinyi. Ni kweli, na inathibitisha hoja. Azam ilikuwa inafukuzia kilele, ikaja kushambulia, ikaacha nafasi. Ukimpa Makambo nafasi hakuulizi ni uwanja gani.

Kufikia katikati ya msimu Tabora ilikuwa ya tano. Si haba kwa klabu ambayo Agosti 2023 ilifungua maisha yake ya Ligi Kuu kwa aibu ya Chamazi hiyo hiyo: matatizo ya usajili yaliifanya ianze na wachezaji pungufu dhidi ya Azam, na mwamuzi akalazimika kuvunja mechi kipindi cha kwanza ikiwa nyuma 4-0, baada ya wachezaji waliobaki kupungua chini ya saba. Msimu huo iliponea mchujo, kwa kuiondoa Biashara United ya Mara.

Kilichokosekana 2024/25 ni njia ya pili ya kucheza, ile ya kushika mpira na kumfungua aliyejifungia. Hiyo hujengwa mazoezini kwa miezi, na Tabora haikuwa na miezi. Francis Kimanzi alianza msimu, akaondoka Oktoba. Anicet Kiazayidi akapokea. Kabla ligi haijaisha Genesis Mang'ombe alikuwa kwenye benchi. Kuvizia kunafundishika kwa wiki mbili, kwa hiyo kila kocha mpya alirudi hapo hapo.

Klabu sasa inaitwa TRA United, na Chikola amekwenda Yanga. Jina jipya limekuja na mwenye fedha, na fedha hununua washambuliaji upesi. Ushauri wangu kwa viongozi ni mmoja: kabla ya mshambuliaji, tafuteni kiungo wa kati anayeweza kupokea mpira akiwa amekabwa, na mwacheni kocha amalize msimu.