Dakika Tano Kando ya Kitanda cha Leba

Mwaka 2010, wahudumu wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Miezi saba baadaye walipimwa. Kwa mwanasesere wa mafunzo walifanya vizuri kuliko mwanzo. Leba, kwa mtoto mwenyewe, utendaji wao haukubadilika. Watafiti walioyaona hayo waliyachapisha mwaka 2013 bila kuyapamba, nami nawaheshimu kwa hilo, maana semina nyingi huishia kwenye vyeti na picha ya pamoja.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Kuanzia 2011, mazoezi yaliwafuata wakunga kazini: dakika 3 hadi 5 kila wiki, na kila mwezi zoezi la dakika 40. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Baadaye mazoezi mafupi ya namna hiyo yalifika katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza.

Lakini dakika tano zaweza kupotea bure zisipokuwa na msimamizi anayejua kuzitumia, na ufundi wake hauonekani kirahisi. Mtazame kazini. Mwanasesere amejazwa maji, kwa hiyo ni mzito na mlegevu kama kichanga. Usipomshika vizuri, kichwa kinaanguka. Msimamizi ana vipira viwili vidogo mkononi. Akibonyeza kimoja, kitovu kinapiga. Akibonyeza kingine, mtoto anapumua. Anaweza kumfanya apumue wakati wowote. Hafanyi hivyo.

Mkunga kijana anamkausha mtoto, anaondoa kitambaa kilicholowa, anamsugua mgongo. Kimya. Anakata kitovu, anamhamishia mezani, anachukua barakoa na mfuko wa hewa, anaanza kukamua. Kifua hakiinuki. Anakamua kwa nguvu zaidi, kwa haraka zaidi, kama anayezima moto. Hapo ndipo wengi wetu tungeropoka jibu. Msimamizi anauliza tu, kwa sauti ya kawaida: “Sista, kifua kinasemaje?”

Kijana anatulia. Anaona kichwa kimeinama mbele. Anakirudisha nyuma kidogo, anaipanga barakoa upya ifunike kidevu, mdomo na pua bila kugusa macho, kisha anakamua taratibu. Kifua kinapanda. Msimamizi anahesabu naye mpaka mkono upate mwendo wake, pumzi 40 kwa dakika, kisha anamfanya mtoto apumue mwenyewe.

Lile swali ndilo lililofanya kazi. Angeambiwa “rekebisha kichwa”, angekirekebisha siku hiyo. Alipoulizwa, alijizoeza kutazama kifua, na kifua ndicho atakachokuwa nacho saa tisa usiku, msimamizi akiwa kwake amelala. Muda wenyewe ni mfupi mno: mtoto asiyepumua anapaswa kuanza kupewa hewa ndani ya dakika ya kwanza, ile ambayo wakunga wanaiita dakika ya dhahabu. Dakika hiyo haina nafasi ya kukumbuka somo la mwaka jana.

Kuna usimamizi wa aina nyingine, na kila aliyefanya kazi kwenye zahanati anaufahamu. Gari linafika, fomu zinajazwa, rejesta inakaguliwa, dawa zinahesabiwa, gari linaondoka. Ukaguzi huo una kazi yake. Dawa ya kuzuia mama kutokwa na damu ikiisha stoo, ni lazima mtu ajue. Ila hakuna mkono unaokuwa mwepesi kwa kukaguliwa.

Msimamizi ninayemsifu hukaa na mkunga hata baada ya uzazi mgumu wa kweli, mama na mtoto wakishatulia. Anamwomba asimulie alichokifanya, hatua kwa hatua, bila kumkatiza. Utulivu wa sauti yake una maana kubwa: anayeogopa kufokewa ataficha palepale alipokwama, na palepale ndipo zoezi la wiki ijayo lilipaswa kuanzia.

Tena hawaachi wa zamu ya usiku. Hao hukosa mafunzo mengi kwa sababu mafunzo hupangwa mchana, wao wakiwa wamelala. Kwa hiyo mwanasesere hutolewa asubuhi wakati wa kupokezana zamu, anayetoka na anayeingia wakafanya zoezi pamoja, mmoja akikamua na mwenzake akitazama kifua.